Nani Alikuja Kukuona?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sinia na kijiko bapa. Nyinyi vijana mnakabidhiwa kompyuta na kiti kinachozunguka, na bado mnalalamika kiuno. Sinia letu lilikuwa la bati. Unamimina vidonge kutoka kwenye kopo, unavisogeza kwa kijiko hadi vitimie, unavitia kwenye bahasha, na mkono wako haugusi kidonge hata kimoja. Bosi wangu wa kwanza, Mfamasia wa Wilaya, alikuwa mzee mwembamba wa upande wa Nassa, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi kama la bwana harusi. Alinitazama nikihesabu asubuhi nzima bila kufungua mdomo. Mchana akasema, "Kuhesabu unajua. Sasa jifunze kuongea."

Nilidhani ananitania. Mimi ni mtoto wa Ipililo, na kwetu msichana mwenye maneno mengi alionekana hana adabu. Lakini yule mzee alimaanisha. "Kidonge hakina mdomo," aliniambia. "Mgonjwa akifika nyumbani hakitamwambia nimeze na chakula, wala usinichanganye na fulani. Ukinyamaza wewe, kila mtu amenyamaza."

Hospitali yenyewe ilikuwa hapa Bariadi. Sitaeleza zaidi, maana baadhi ya nitakaowataja wana watoto na wajukuu. Mji ulikuwa mdogo, makao makuu ya wilaya tu, na habari za mkoa hazijazaliwa. Dawa zilitoka bohari ya serikali kwenye makopo makubwa meupe, na kila dawa ilikuwa na jina moja. Klorokwini ilikuwa klorokwini. Salfa ilikuwa salfa, na hata bibi asiyejua kusoma aliweza kukwambia salfa ni ile nyeupe, kubwa, chungu. Dawa zilikuwa haba, sitaki mtu awadanganye kwamba enzi zetu zilikuwa za neema. Tulikaa miezi mingine makopo yakilia debe tupu. Ila iliyokuwepo tuliijua, na aliyeimeza aliijua.

Kwenye bahasha tulichora. Jua linachomoza, jua la utosini, jua linazama, na chini ya kila jua idadi ya vidonge. Wenzangu waliichukulia kuwa kazi ya kitoto. Mimi niliipenda, na majua yangu yalikuwa na miale.

Kisha ikaja ruksa. Waliozaliwa juzi mnasoma kwamba uchumi ulifunguliwa. Sisi tuliona maduka. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na magari yao na mizani yao, mkulima akalipwa papo hapo badala ya kungoja chama cha ushirika, na barabara ya sokoni ikaota maduka ya dawa baridi moja baada ya jingine. Dawa zilikuja kutoka nchi ambazo sikuweza kuzionyesha kwenye ramani, katika maboksi yenye rangi za kupendeza, vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Na kila kiwanda kilikuja na jina lake. Dawa ileile tuliyoizoea kwenye kopo jeupe sasa ilikuwa na majina chungu nzima, na jina la zamani, lile ambalo bibi alilijua, limeandikwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi.

Watu walizipenda. Nani angewalaumu? Walikuwa wamerudishwa dirishani kwetu mara ngapi kwa neno "hakuna"? Wengi walianza kusema dawa ya hospitali haina nguvu kwa sababu ni ya kopo. Na hapo ndipo desturi yetu njema ilipogongana na soko.

Desturi yenyewe mnaijua. Usukumani mgonjwa haonwi mikono mitupu. Zamani walikuja na unga, maziwa, kuku wa kumchemshia supu. Baada ya ruksa, mtu aliyeuza pamba yake vizuri aliona aibu kwenda kumwona mgonjwa na kibuyu cha maziwa wakati wenzake wanakwenda na boksi la dawa la dukani. Dawa ikawa zawadi. Kila mgeni alikuja na yake, na zawadi hairudishwi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka ile nilikuwa nikiusikia msemo huo natamani kulia.

Mfamasia wa Wilaya alistaafu, nami nikawa msimamizi wa dawa hospitalini. Akaja pia Daktari Mfawidhi mpya, yaani mkuu wa hospitali, mtu wa Bukoba, mkali na mchapakazi, aliyejua majina ya wagonjwa wake wote. Nilikwenda kumwomba jambo moja. Niliomba niruhusiwe kuingia wodini, nipite kwenye raundi pamoja na madaktari, niongee na wagonjwa na ndugu zao kabla hawajaruhusiwa. Siku hizi kuna watu wanasomea jambo hilo hasa na wanaitwa wafamasia wa kliniki. Kwetu lilikuwa halijapata jina.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza kalamu dirishani. "Foleni yako unaiona?"

"Naiona, daktari."

"Ikiisha, njoo tuongee."

Foleni ya dirisha la dawa haijawahi kuisha tangu hospitali zianze. Nikarudi kwenye sinia langu.

Minza alikuja msimu wa pamba. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mrefu, kutoka kijiji kimoja nje ya mji, na mumewe alikuwa amekwenda machimboni kutafuta dhahabu. Alilazwa kwa malaria. Alipopata nafuu na kuletwa dirishani achukue dawa za kumalizia nyumbani, niliona baka jeusi la mviringo mkononi mwake, karibu na kiwiko. Nikamuuliza ni la lini.

"Linakuja na kuondoka," akasema. "Nikimeza salfa linawasha, linakuwa jeusi, halafu linafifia. Likirudi linarudi palepale."

Kwa mtu wa dawa, baka linalorudi mahali palepale ni mwili unaosema hapana kwa adabu. Ukiulazimisha, iko siku utasema hapana bila adabu. Nilimpa kwinini, nikamweleza kwamba masikio yatavuma na kichwa kitazunguka, asiogope, amalize dozi. Kisha nikamwambia, "Salfa usimeze tena maisha yako yote. Usikubali hata robo." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa msikivu sana. Mama mkwe wake alisimama nyuma, watu wawili watatu wakiwa katikati, wala hakusikia neno. Lile dirisha lilikuwa na tundu la kutosha uso mmoja. Nilipoinua macho nimwite yule mama asogee, uso mwingine ulikwisha kujaa kwenye tundu, nao ulikuwa na mtoto anayelia.

Alirudishwa baada ya majuma machache kwenye mkokoteni wa ng'ombe, amefunikwa kanga. Sitaeleza yote. Ngozi ilikuwa inatoka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, midomo imechubuka, macho yamegandana. Manesi walidhani ameungua. Wengine wakanong'ona ugonjwa ambao miaka ile ulisingiziwa kila kitu. Daktari alitazama mara moja tu, akatuma niitwe. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka mlango wa wodi nikiwa na koti la kazi.

"Muulize amemeza nini," akasema. "Mimi hanijibu."

Na mimi hakunijibu. Nilimuuliza kwa Kiswahili, nikamuuliza kwa Kisukuma, kila mara akasema alimeza zile nilizompa duhu, basi. Matroni, mkuu wa manesi, alikuwa amemtengenezea tao la fito juu ya kitanda ili shuka lisimguse, na alikuwa akimsafisha macho kwa maji ya chumvi, taratibu, huku yeye mwenyewe akilia bila sauti. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. Nikamkumbuka yule mzee wa Nassa na somo lake la kuongea. Nikaona kwamba swali langu lilikuwa linamtaka Minza amshitaki mtu, na mwanamke aliyelelewa vizuri hamshitaki mtu wa nyumbani kwake mbele ya wageni.

Nikamuuliza kama dada anavyomuuliza dada. "Ulipokuwa nyumbani unaumwa, nani alikuja kukuona?"

Akageuza uso kidogo. "Shangazi alikuja."

"Alikuja na nini?"

"Unga wa mtama. Na mama mkwe alikuwepo, ananipikia uji."

"Na mwingine?"

Sikumharakisha. "Baba mkwe."

Hapo nilijua. Kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Anaishia uwanjani, anawekewa kigoda, na zawadi yake inaingizwa na mtu mwingine. Na mkwe huyo heshima yake ni nzito kuliko ya baba aliyekuzaa. Nikamuuliza Minza kama baba mkwe alikuja na dawa.

"Boksi lilikuwa zuri, la kijani," akasema. Midomo ilimuuma, alisema maneno machache, anapumzika, anasema mengine. "Ile kwinini ilikuwa inanizungusha kichwa. Akaona siponi. Akaenda mpaka mjini kwa baiskeli. Nilisoma jina, halikuwa salfa."

"Ungenitumia nikaliona kwanza."

"Nilitaka. Lakini alikuwa amekaa uwanjani, anangoja aambiwe kama nimemeza."

"Angeondoka, ungeniletea."

"Asingeondoka. Mwanangu wa kwanza alipofariki, sikula. Alikaa palepale uwanjani, anakuja asubuhi anaondoka jua likizama, mpaka akaambiwa nimekula." Akaninyooshea mkono. "Mayu, mama yangu, asijue. Nakuomba. Asijue kamwe."

Nikamwambia kwangu hatajua.

Nilikwenda sokoni mchana uleule. Boksi la kijani lilikuwa limepangwa mstari wa mbele. Nikasoma herufi za sisimizi: dawa ya malaria ya dozi moja, na sehemu yake kubwa ni salfa. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, mkimya, na aliponiona uso umenibadilika akaleta kiti. "Mzee aliniambia nimpe iliyo kali, mkwe wake anateseka," akasema. "Nikampa iliyo kali." Ni kweli alimpa, na hakuna aliyemfundisha kuuliza zaidi ya hapo.

Minza alifariki siku chache baadaye, asubuhi, Matroni akimwosha macho. Nimeona vifo vingi katika kazi yangu. Hicho ndicho ambacho hadi leo nikikikumbuka naacha ninachofanya.

Nilimweleza Daktari Mfawidhi kila kitu, pamoja na ahadi yangu. Alikaa kwenye meza yake amejishika paji la uso. Alikuwa mtu wa kufoka, nami nilingoja afoke. Akasema tu, "Lile dirisha ni dogo." Baada ya kitambo akaongeza, "Kuanzia kesho unapita raundi na mimi. Dirishani atakaa mwingine." Sikufurahi. Kitu nilichokiomba kwa muda mrefu nilikipata siku ambayo sikukitaka kwa bei ile.

Baba mkwe wa Minza aliitwa mzee Maduhu. Nilimwona kwa mara ya kwanza nje ya chumba cha maiti, amesimama mbali na wanawake, ameishika baiskeli yake kwa mikono miwili. Alikuja kunishukuru. Alikuwa ameambiwa nilikaa na mkwewe.

"Wabeja, mayu," akasema. "Mlihangaika. Hata mimi nilijitahidi, nilimpelekea dawa nzuri sana. Ila ugonjwa ulitushinda."

"Ulijitahidi, baba," nikasema.

Nilirudi stoo nikafunga mlango nikalia. Ahadi ilikuwa ahadi. Lakini yule mzee alikuwa na wana wengine, na wana wale walikuwa na wake na watoto, na upendo wake ulikuwa bado na baiskeli. Ningekaa kimya kabisa, angerudia. Ningesema, ningemzika na yeye.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kijijini kwake. Nilikwenda na sukari, kama mgeni yeyote. Tukasalimiana, mwadila, mhola, tukaongea habari za mvua na bei ya pamba. Nikamwambia kwamba maduka yamekuwa mengi na majina yamekuwa mengi, hata sisi wenye kazi yetu tunachanganyikiwa, kwa hiyo namwomba, akitaka kumpelekea mgonjwa dawa, anipitishie kwanza mimi niione. Sikumtaja Minza. Alinitazama kwa muda mrefu, nikadhani ameninusa. Kisha akasema, "Kuuliza si ujinga. Nitakuja."

Na alikuja, kweli alikuja, miaka na miaka. Alikuwa akiegemeza baiskeli ukutani, anavua kofia, anatoa boksi mfukoni. Ya mjukuu, ya jirani, ya mke wa mwanawe mdogo. Nami nilimfungulia, nikamwonyesha herufi za chini. "Hii na ile ya juzi ni moja, baba, majina tu. Wakimeza zote mbili wamemeza mara mbili." Siku moja alileta boksi la kijani. Niliishika meza kwanza, kisha nikalifungua. Nikamwambia kwamba hii ndani yake ina salfa, na kuna watu miili yao inaikataa, basi tumuulize kwanza mgonjwa. Akaitikia, akalirudisha mfukoni, akaenda zake. Watu wa kijiji chake walimwiga. Ikawa jambo la kawaida kuwaona wanaingia na vikapu, dawa za nyumba nzima humo ndani, nami na wasaidizi wangu tunazitandaza mezani tunachambua kama mchele.

Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi baada ya hapo. Wengine walithamini raundi ya mfamasia, wengine waliiona ni kiherehere. Mji umekua, mkoa umekuja na maofisi yake, dawa za malaria zimebadilika tena na tena. Nimestaafu sasa, nafuga kuku, na magoti yananikumbusha saa nilizosimama. Vijana mnaokuja kunitembelea mnaniuliza siri ya kazi. Mnajua mambo ya figo na ini ambayo mimi nilikuwa nayasikia kwa mbali, na nawaonea fahari. Ila msimuulize mgonjwa amemeza nini peke yake. Muulizeni nani alikuja kumwona, na alikuja na nini mkononi. Kisha nyamazeni, muda wa kutosha.

Katika wiki yangu ya mwisho kazini, mzee Maduhu alikuja kwa bodaboda, baiskeli ilikwisha kumshinda. Alikuwa amezeeka sana. Nilimtolea kiti, tukasalimiana, nikamuuliza kama siku zote, "Leo umeleta za nani, baba?"

"Za Minza," akasema.

Mikono yake ilikuwa mitupu, imekaa juu ya magoti.

"Lile boksi la kijani," akasema, "ulilonionyesha lina salfa. Ndilo nililomnunulia."

Niliyempa ahadi alikuwa kaburini, na hakuna mwingine wa kunifungua.

"Alikukataza usiniambie."

Nikaangalia chini.

"Nilijua siku ileile uliyonionyesha," mzee akasema. "Nikafika nyumbani nikakaa uwanjani kwake, palepale. Sikukwambia, maana niliona unavyohangaika nisijue. Na yeye alitaka nisijue. Nikasema, basi, nisijue."

Nje watu wa foleni walikuwa wakiitana majina. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, wala yeye hakunitazama, kwa heshima.

"Nasikia unaondoka," akasema baadaye. "Nani atanipitishia?"

"Yupo mfamasia mpya, baba. Amesoma kuliko mimi. Nimemweleza habari zako."

"Habari za Minza anazijua?"

"Hapana, baba. Niliahidi."

Akachukua kofia yake, akainuka pole pole, nikamshika kiwiko. "Basi mwambie," akasema. "Mimi nikishaondoka, waambie wote."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamsaidia kupanda bodaboda. Mwaka huu, baada ya mavuno, tulimzika.